Foleni Ndani ya Bomba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja. Alichukua ndoo mbili jikoni, akapita ukumbi wote wa nyumba ya wageni ya mama yake, akaingia bafu la chumba cha mwisho, akafungua koki ya maji moto na kusubiri. Maji yalitoka baridi kama tumbo la chura. Aliyakinga kwenye ndoo. Ndoo ikijaa, aliweka nyingine. Yakigeuka vuguvugu, kisha moto, alifunga koki na kupaza sauti: "Tayari, Mama!" Halafu alizibeba ndoo mpaka uani na kuzimimina kwenye pipa la kufulia mashuka. Kwa njia hiyo mgeni wa chumba cha mwisho aliamka akakuta maji ya moto yakimsubiri yeye, badala ya yeye kuyasubiri.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtoto yeyote mwenye mikono miwili na nusu ya akili angeiweza. Chiriku alikuwa na mikono miwili na akili nzima, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, maana mwenye akili nzima asiyependa kazi huitumia akili yake yote kuikwepa.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Aliongea akila, akifagia, na hata usingizini. Alikuwa darasa la sita, mrefu kwa umri wake, na alijiona ameumbwa kwa mambo makubwa kuliko ndoo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba kama rula. Mwanzoni kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko stoo, na ndani ya stoo ile hita ya maji. Kutoka hapo bomba la maji moto lilipita ukutani, chumba baada ya chumba, mpaka mwisho wa ukumbi. Chumba cha mwisho ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Kilikuwa mbali na makelele ya barabara, na dirisha lake lilitazama bustani. Wageni wa heshima walilazwa huko. Na huko ndiko kulikokuwa mbali kabisa na hita.

"Aliyejenga nyumba hii lazima alikuwa anaoga maji baridi," Mama alipenda kusema. "Au hakuwa anaoga kabisa."

Siku hizo Mama hakuwa na mzaha mwingi. Wageni walikuwa wamepungua. Tumaini lake lote lilikuwa kwa Matroni wa chuo cha uuguzi, aliyekuwa akitafuta nyumba ya kulaza wanafunzi wake kwa mwaka mzima. Matroni alikuwa amesema kwa simu kwamba atakuja Jumamosi, alale mwenyewe, tena katika chumba cha mwisho. "Chumba cha kwanza kila mtu hukipamba," alisema. "Nyumba hujulikana kwa chumba chake cha mwisho."

"Tukimkosa huyu, nafunga nyumba," Mama alimwambia Chiriku. "Mimi nitarudi kupika kwenye majiko ya watu, mbali. Wewe utakwenda kukaa kwa shangazi yako."

Chiriku alimjua shangazi yake. Nyumbani kwa shangazi, hata kucheka kuliombewa ruhusa.

Ungedhani maneno hayo yalitosha kumfanya mtoto asimame kwenye bomba kwa adabu. Hayakutosha. Kulikuwa na Kibonge.

Kibonge alikuwa mwanafunzi mwenzake, mwembamba kama ufito, ndiyo maana wakamwita Kibonge. Kila asubuhi alisimama getini na kamba ya kuruka, pamoja na wasichana wengine wa mtaani, wakimsubiri Chiriku waende shule.

"Hodi! Mtumishi wa ndoo yupo?" aliita siku moja.

"Nyamaza wewe," Chiriku alijibu kutoka dirishani.

"Kwani maji yenu yana ugonjwa gani? Hayawezi kutembea peke yake mpaka yashikwe mkono?"

Wasichana walicheka mpaka kamba ikawaponyoka. Chiriku, bingwa wa maneno, alifunga dirisha kwa kishindo. Kesho yake alifungua koki kidogo tu, sauti ya maji isikike, akaifunga. Akasimama akitazama kucha zake. Kisha akaita kwa sauti tamu, "Tayari, Mama! Ya moto!" Ndoo zilirudi jikoni kavu, naye akawahi kuruka kamba.

Uongo wa siku ile ulimkwama kooni. Wa siku iliyofuata ulipita bila shida. Baada ya hapo aliusema kama anavyosema shikamoo, bila hata kufikiri, na alijiona mjanja. Ujanja gani huo, wa kumwibia mama yako usingizi kwa ajili ya kamba? Lakini ndivyo alivyojiona.

Mgeni wa chumba cha mwisho wakati huo alikuwa muuza mbegu, mtu mpole aliyekuja na magunia madogo ya mbegu za mboga na kila asubuhi aliwaamkia watu wote, hata paka. Asubuhi moja alitoka ukumbini akiwa na taulo kiunoni na povu usoni, jicho moja limefumba.

"Mama mwenye nyumba! Humu mnatuogesha au mnatugandisha?"

Wageni wengine walikuwa wakinywa chai. Mama alisimama kwa aibu. "Chiriku, si umesema maji tayari?"

"Yalikuwa ya moto, Mama. Nimeyashika kwa mkono wangu huu."

"Mtoto ameyashika," Mama alimwambia mgeni. "Kila siku anayashika. Labda wewe una jambo lako jingine. Kama nyumba yangu hukuipenda, sema, usitafute visa."

Muuza mbegu alifuta povu, akamtazama Mama, kisha akamtazama Chiriku kwa muda. Mchana alifunga magunia yake akahama.

Mama alibaki na wasiwasi. Alipompigia simu kaka yake mkubwa aje kutazama, mambo yalianza kuharibika kwa kasi.

Kaka yake huyo, watu wote walimwita Mjomba Injinia. Hakuwa injinia. Zamani aliwahi kumshikia injinia mmoja mwavuli kwenye eneo la ujenzi. Mvua ilipokatika, injinia alichukua mwavuli wake, na Mjomba akarudi nyumbani na cheo. Tangu hapo hakuna kitu kilichoharibika katika ukoo ule bila yeye kufika na kukiharibu zaidi. Lakini alikuwa mkubwa kwa Mama, na Mama alilelewa kutomjibu kaka yake.

Mjomba alisimama bafuni, mikono nyuma, tumbo mbele. "Tufikiri kitaalamu," alisema. "Mtoto anasema maji yanatoka ya moto. Mgeni anasema ya baridi. Maana yake nini?"

"Maana yake nini, kaka?"

"Maana yake yanafika, lakini yanafika kidogo, yanaisha! Tazama bomba hili. Jembamba! Maji yanapita kwenye uzi! Tuweke bomba nene, maji yaje kwa wingi, yaje kwa fujo."

"Lakini una hakika, kaka?"

"Mdogo wangu, kikubwa ni kikubwa. Umewahi kuona mtu akikosea kwa kununua kikubwa?"

Chiriku alikuwa nyuma ya mlango. Alijua kwamba maji hayakuwa yakifika kisha yakaisha. Hayakuwa yakifika kwa sababu hakuna aliyeyasubiri. Neno moja lingetosha. Lakini kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Chiriku alinyamaza.

Basi Mjomba akavunja, akagonga, akatukana misumari, akamwaga saruji ukumbini na kumlaumu paka. Aling'oa bomba la zamani akalitupa nyuma ya jiko, akaweka jingine nene kama mkono wa mpiganaji. Alipomaliza aliwaita wote chumba cha mwisho, akafungua koki kama anayezindua hospitali.

Maji yalikuja kwa wingi. Yalikuja kwa fujo. Yalikuja baridi, yakaendelea kuwa baridi, na yalikuwa bado baridi watu walipochoka kusimama.

"Bomba ni jipya," alisema Mjomba. "Linajizoesha."

Linajizoesha! Kana kwamba ni ng'ombe aliyeletwa zizini jana. Na kwa kuwa mpumbavu akikosea mara moja hutafuta kosa la pili la kulifunika la kwanza, Mjomba aliingia stoo, akakishika kile kidude cha kuongezea joto la hita, akakizungusha mpaka kilipogoma. "Moto ukiwa mkali, utafika tu," alisema, akaenda zake kula.

Hakumwambia mtu.

Asubuhi yake Mama alifungua koki ya jikoni asuuze sufuria. Jiko lilikuwa jirani ya hita. Maji yaliruka kutoka kwenye koki yakifuka mvuke, yakamwagikia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Chiriku alikuwa amesikia mama yake akicheka, akigomba, akiimba. Hakuwa amewahi kusikia sauti ile. Alikimbia akamkuta amekaa sakafuni, mkono ameushika juu. Mjomba alifika nyuma yake akiwa na dawa ya meno.

"Tumpake hii, inavuta moto!"

Mama alimtazama mpaka akairudisha mfukoni. "Chiriku," alisema kwa taabu, "maji baridi. Ya pipa." Chiriku alimmiminia mkono maji polepole, kopo baada ya kopo, muda mrefu, na kila alipotazama ngozi ile inavyofanya malengelenge, alitazama pembeni. Zahanati walimfunga bendeji nyeupe na kumwambia jambo alilofanya la maana ni lile la maji baridi.

Hapo uvumilivu wa Mama ulikwisha. Bila kumuuliza kaka yake alimwita fundi bomba, na Chiriku akabaki nyumbani bila kwenda shule, awe mkono wake wa kulia.

Fundi alikuja siku ya Ijumaa asubuhi, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, mkoba wa vifaa begani na spana imechomekwa kiunoni. Watu walimwita Mama Spana. Hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua kwamba anajua, na alitaka na wewe ujue.

Alipita ukumbini, akagonga bomba jipya kwa kidole. "Nani kaweka mzinga huu?"

"Mimi," alisema Mjomba.

"Ulitaka kupitisha maji au kiboko?"

Mjomba alifungua mdomo, Mama Spana akawa ameshampita. "Asubuhi nani hufungua koki ya huko mwisho?"

"Mimi," alisema Chiriku. "Shikamoo."

"Marahaba. Niambie, kabla ya huyu bwana kuleta mzinga wake, ulikuwa ukifungua, maji ya moto yanakuja upesi au yanakawia?"

Mama alikuwa amesimama pembeni, mkono wake wa bendeji umeegemea kifuani. Chiriku alitazama sakafu.

"Yalikuwa yanakuja... upesi."

Mama Spana aliinua mkoba wake akauvaa begani. "Haya. Kwaherini."

"Unakwenda wapi, fundi?" Mama alishtuka. "Matroni anakuja kesho!"

"Nyumbani. Kama yalikuwa yanakuja upesi, hapakuwa na ugonjwa, na mimi sina dawa ya mtu asiyeumwa. Wageni wako wanasema baridi, mwanao anasema moto. Mmoja anadanganya, na mimi sifanyi kazi juu ya uongo. Nikianza na neno la uongo nitabomoa ukuta usio na kosa. Kama alivyofanya huyu msomi wenu wa viboko."

Alianza kuondoka. Viatu vyake vizito vilisikika mpaka karibu na mlango.

"Yalikuwa yanakawia!" Chiriku alipiga kelele.

Viatu vilisimama.

"Yanakawia sana. Zamani nilikuwa nasubiri. Halafu nikaacha. Nafungua kidogo, nafunga, nasema tayari. Nilikuwa nataka kuwahi kamba." Neno "kamba" lilimtoka dogo, la kipuuzi, na mwenyewe alilisikia lilivyo la kipuuzi mbele ya bendeji ile.

Mjomba alivimba. "Kumbe! Kumbe ni wewe uliyeniharibia kazi yangu!"

"Kazi umeiharibu mwenyewe, Injinia," alisema Mama Spana. "Yeye alikufungulia mlango tu. Mbio zilikuwa zako."

Mama hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. "Nilimwita yule muuza mbegu mtu wa visa," alisema taratibu. "Mbele ya watu. Kwa neno lako, Chiriku. Na sijui hata alikohamia."

Chiriku alilia. Mama Spana hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimpa ndoo. "Machozi hayajazi hii. Twende."

Walikwenda chumba cha mwisho, Chiriku akakinga. Ndoo ilijaa. Baridi. Nyingine ikajaa. Baridi.

"Haya maji yanatoka wapi?" aliuliza Mama Spana.

"Kwenye hita."

"Tangu lini hita ikatoa barafu? Fikiri, acha kusema tu."

Chiriku alitazama bomba. Hakuwa na haraka ya kujibu, jambo geni kwake. "Yalikuwa humu," alisema. "Humu ndani ya bomba. Yamelala usiku kucha, yakapoa."

"Enhe. Na ya moto?"

"Yako nyuma yake."

"Yako nyuma, kwenye foleni. Hayawezi kuruka vichwa vya wenzake. Mpaka haya baridi yote yatoke mlangoni, ndipo ya moto yafike. Sasa bomba likiwa nene?"

"Foleni inakuwa na watu wengi zaidi!"

"Na huyu bwana akaenda kuchochea moto huko mwanzo, kana kwamba ukimchoma mtu wa mwisho wa foleni, wa mbele ataondoka."

Mjomba, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. "Mimi nilikuwa nawaza vilevile tununue hita kubwa zaidi."

"Una njaa hapa, chungu kiko kijiji cha tatu," Mama Spana alimjibu bila kugeuka. "Utanunua chungu kikubwa zaidi?"

Kisha akaeleza atakachofanya. Kwanza atashusha joto la hita, watu wasiungue. Pili atalirudisha bomba jembamba lililotupwa nyuma ya jiko, na kulivika koti la sponji ili maji ndani yake yasipoe upesi. Tatu, chini ya sinki la chumba cha mwisho ataweka pampu ndogo, isiyozidi kopo la maziwa, yenye kitufe, na kijibomba cha pili cha kurudi mpaka kwenye hita. "Mgeni akibonyeza, pampu inayavuta yale baridi na kuyarudisha kwenye hita yapashwe. Hakuna tone linalomwagika. Ya moto yakifika, pampu inajizima. Ndoo zako utafulia."

"Pampu!" alidharau Mjomba. "Kidude kama hicho?"

"Injinia, njoo ushike bomba hapa. Usifikiri. Shika tu."

Na Mjomba akashika. Walifanya kazi mchana kutwa, mabomba yametandazwa ukumbini kama utumbo wa mnyama, maji yamefungwa nyumba nzima. Chiriku alipitisha spana, akavika sponji, mikono ikawa myeusi kwa grisi. Kibonge alipita getini baada ya shule, akachungulia. "Ndoo imekuwa spana?" aliuliza.

"Ndiyo. Na ukiingia utashika tochi," Chiriku alimjibu, akarudi kwenye kazi yake. Kibonge hakuingia.

Saa kumi hivi mlango wa mbele uligongwa. Aliingia mwanamke mfupi, viatu vyeupe, mgongo umenyooka kama ukuta. Alitazama mabomba, akatazama saruji, akamtazama Mama na bendeji yake.

"Mimi ni Matroni."

Mama alikauka. "Lakini Matroni... ulisema Jumamosi."

"Nilisema. Nikija siku niliyosema, nitaona nilichopangiwa."

Mjomba Injinia aliruka juu ya mabomba kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania. "Karibu, Matroni, karibu sana! Tunapaka rangi tu hapa. Chumba cha kwanza kiko tayari, maji ya moto papo hapo kama chai! Na vyumba vyote ni hivyohivyo, mpaka mwisho."

Matroni alitafuta rangi ukutani, hakuiona. Alitafuta brashi, hakuiona. Macho yake yakatua kwa Chiriku, aliyechuchumaa sakafuni na grisi puani.

"Wewe. Maji ya moto yanafika chumba cha mwisho?"

Nyuma ya Matroni, Mjomba alikuwa akikonyeza jicho mpaka uso mzima ukajikunja. Mama alifungua mdomo aseme kitu, Chiriku akauona woga uliokuwa usoni mwake. Aliiona nyumba imefungwa. Alimwona shangazi pia, amekaa kwenye kiti chake, hacheki.

Alisimama. "Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nimeuliza."

"Hayafiki upesi. Na leo hayafiki kabisa, tumefunga. Hatupaki rangi. Zamani nilikuwa natakiwa niyasubiri asubuhi, nikawa nadanganya kwamba nimeyasubiri. Mama hakujua. Ndiyo sababu bomba likabadilishwa bure, na ndiyo sababu Mama akaungua. Fundi anaweka pampu. Anasema yatafika. Mimi bado sijayaona yakifika."

"Na huyu mpakaji rangi?"

"Huyo ni Mjomba."

"Nimeona," alisema Matroni. Alivuta kiti cha ukumbini, akakiweka mahali pakavu, akakaa, mkoba magotini. "Endeleeni."

Mama Spana alikunja uso. "Mimi sipendi kutazamwa nikifanya kazi."

"Mimi nimetazama watu wakishonwa matumbo. Bomba halitanishinda."

Wale wanawake wawili walipimana kwa macho, na kila mmoja akaridhika na alichokiona. Kazi iliendelea. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mama Spana aliposema, "Fungua maji." Chiriku alikimbia kufungua. Walisubiri hita ipate joto. Kisha Matroni akaingia peke yake bafu la chumba cha mwisho na kubonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Pampu ikanong'ona chini ya sinki. Alivua saa, akakunja mikono ya gauni vizuri, upande mmoja kisha wa pili. Pampu ikanyamaza. Akafungua koki.

Maji yalitoka ya moto. Hayakuwa ya kuunguza. Yalikuwa maji ya moto ya kuogea, kama yanavyotakiwa kuwa. Matroni aliacha mkono wake humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa ukaguzi.

Alipotoka alisimama mbele ya Mama. "Nimepita nyumba nyingi mjini humu. Kote nimeambiwa kila kitu kiko sawa. Chuoni kwangu, mgonjwa anayelia hanitishi. Anayenitisha ni yule anayesema hajambo huku kidonda kinaoza chini ya shuka, maana daktari atatibu mguu mzima na kuuacha mbovu. Mwanao alinidhuru nini kwa kuniambia ukweli? Hakunidhuru kitu. Alikudhuru wewe alipouficha." Alishusha mikono ya gauni. "Wanafunzi wangu watakuja mwezi ujao. Kitu kikiharibika humu, huyu mtoto ndiye atakayeniambia. Si yule."

Mjomba alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa uani.

Matroni alipokwenda kuoga, Mama alikaa jikoni na kufunika uso kwa mkono wake mzima. Chiriku hakujua kama analia au anacheka. Alisubiri, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Wewe ni mwanangu, nitafanyaje?" Mama alimtazama. "Lakini kusamehe na kuamini si kitu kimoja. Nilikuwa nakuamini bila kufikiri, kama ninavyovuta pumzi. Wewe ukakimwaga kitu hicho kwa ajili ya kamba. Sasa kila neno lako jipya lina maneno ya uongo mbele yake, na mpaka nisikie mengi ya kweli ndipo nitaanza kukuamini tena. Hilo, mwanangu, hakuna fundi wa kulifupisha. Utalifanya mwenyewe, kila siku, hata siku ambayo hakuna anayekutazama."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Ukumbi umeshaukausha?" Mama aliuliza.

Chiriku alianza kusema ndiyo. Midomo ilikuwa imeshaliumba neno lenyewe.

"Nusu," alisema. "Upande wa huku bado una maji."

Mama alimtupia tambara.